Mwonjaji wa Hoteli ya Bi Mwantum

Jumatano, 1 Agosti 1951

Nimekula katika hoteli zote za Mombasa. Zote! Za Waarabu, za Wahindi, za Wagoa, na zile za bandarini ambako mtu anakula samaki huku meli inampigia honi. Hakuna mzee mwingine wa Masama awezaye kuandika maneno hayo.

Sawa. Hata mimi siwezi. Mombasa sijafika. Nilifika Voi, mwaka ule wa vita na Mjerumani, Waingereza waliponibebesha masanduku ya risasi. Tumbo likaniharibikia, nikarudishwa. Lakini Voi kuna reli, na reli ile inakwenda Mombasa, kwa hiyo nilikuwa njiani. Nilikula maharage yenye wadudu. Humu daftarini nasema kweli. Kwa watu ni Mombasa.

Naandika kwa sababu hakuna wa kuzungumza naye. Eliona wangu alipofariki, binti yetu Ruth alinishusha kutoka Masama mlimani akanileta kwake Pasua, hapa Moshi mjini, kama gunia la kahawa. Mchana anashona kwa Mhindi. Mumewe yuko relini. Mimi nabaki na sahani iliyofunikwa. Sipendi chakula kilichofunikwa. Unafunua, unakula, na hakuna anayekutazama kuona kama kimekufurahisha.

Ndiyo maana nakwenda kwa Bi Mwantum. Hoteli yake iko nyuma ya soko: mabenchi mawili, bati juu, birika lisilokoma kuchemka. Kila wiki lori la Masama linaniletea mkungu wa ndizi kutoka kwa mwanangu wa kiume aliyebaki kule. Nampa yeye, naye ananipa sahani kila mchana, haulizi neno. Nina kigoda changu pale, nilikichonga mwenyewe. Hakikaliwi na mwingine. Nikiingia anasema, "Mzee Ebenezeri, umechelewa," hata kama nimewahi. Mji mzima huu, hakuna mwingine ajuaye kama nimechelewa.

Leo habari mbaya. Kijana wa Kilema, upande mwingine wa mlima, jina lake Primus, anafungua hoteli ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa. Mkatoliki, na sisi Masama ni Walutheri! Bi Mwantum akasema wateja wakimhamia huyo kijana, yeye atafunga mlango na kwenda Tanga kwa dada yake. Alisema hivyo huku anakoroga maharage, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Nikamwambia asihofu, anaye mtu aliyekula Mombasa.

Yunusu alicheka hadi chai ikamtoka puani. Huyu Yunusu alikuwa mpishi wa meli, na Mombasa alikaa kweli. Mtu mbaya sana kuwa naye benchi moja.

Ijumaa, 3 Agosti

Primus kafungua leo. Nilikwenda kulaani.

Viti vina migongo! Watu wamekaa wameegemea kama mahakimu. Vikombe vina masikio. Dirisha lina kioo, na upande wa pili wa kioo watu wa Bi Mwantum wanaonekana wadogo na wenye vumbi. Nikasimama katikati, nikavuta pumzi, laana iko tayari ulimini.

Primus akaja mbio, akafuta mikono, akainama. Shikamoo, meku, akasema, yaani mzee kwa Kichaga. Akasema hana baba mjini, hana babu, na hoteli haiwezi kufunguliwa bila mzee kusema neno. Je, ningekubali? Watu wote wakasimama. Hata waliokuwa wanatafuna wakaacha.

Nilifungua mdomo nilaani. Zikatoka baraka. Ndefu, tena nzuri, na ng'ombe na watoto nikaweka. Mdomo una mazoea yake. Baba yangu alikuwa akibariki hivyo hivyo, na mdomo wangu haukuniuliza.

Primus akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema ana deni langu, siku nikitaka jambo lolote nimwambie tu. Akaniletea bakuli la mtori. Nikasema nitaonja kidogo, kwa ajili ya upelelezi.

Ulikuwa na ladha ya jikoni kwangu. Ndizi zimepondwa vile vile, mfupa umechemka tangu asubuhi vile vile. Nikaweka kijiko chini. Primus akauliza kuna nini. Nikasema chumvi haitoshi.

Chumvi ilitosha.

Bi Mwantum sikumweleza. Nilimwambia kijana anapika maji ya moto. Akanitazama, akaniongezea wali.

Jumatatu, 6 Agosti

Hesabu ya benchi leo: Yunusu, mimi, na paka. Ukungu umeshuka hadi sokoni. Mlima hauonekani tangu wiki iliyopita, na watu wa mjini wanasema ni mawingu tu. Mimi naona umetupa mgongo.

Nimeamua kusaka siri za hoteli nyingine. Adui hupigwa kwa akili.

Kwanza kwa Mhindi wa bajia karibu na stesheni. Nilimwomba anipe ile anayokula yeye mwenyewe, siyo ya wateja. Akaniuliza mara tatu kama nina hakika. Nilikuwa na hakika. Nikalia mbele ya watu, machozi hadi kwenye kola. Mwanamke mmoja akanipa pole ya msiba. Nikaipokea. Ilikuwa pole nzuri, na sikupata nyingi kama hiyo msiba wenyewe ulipokuwapo.

Kisha kwa Mgiriki. Pale mbele hatuingii sisi, wanaingia Wazungu peke yao, lakini nyuma kuna dirisha la jiko, na jikoni yuko Elifuraha, kijana wa Masama. Nikamwambia anipitishie siri kubwa ya chakula cha Mgiriki. Akanipitishia kikombe cha matunda madogo ya kijani, mfano wa kahawa isiyoiva. Nikatia matatu kinywani kwa mpigo. Chungu! Chumvi! Mbegu kama jiwe, nusura inivunje jino lililobaki. Elifuraha akasema ni zeituni, yanatoka kwao kwa meli, tena Mgiriki akiyala huwa anafumba macho na kunyamaza sana. Basi naye ana jiko lake la mbali. Nikamrudishia kikombe.

Siri niliyopata leo: hakuna. Ila nimepata mawazo kuhusu bandari.

Jumatano, 8 Agosti

Akili yangu! Usiku mmoja tu imezaa mpango.

Primus ana viti. Primus ana mtori. Primus hana bahari! Nikamwambia Bi Mwantum apike samaki wa nazi kama wa bandari ya Mombasa, tena leo leo, maana leo malori ya kahawa yanashuka na mlima mzima utakuwa sokoni na njaa yake. Akasema papa mkavu yupo sokoni, ameletwa kwa treni kutoka Tanga. Akauliza huko Mombasa wanampikaje. Nikamweleza. Nikatia binzari, nikatia ndizi, nikatia maziwa mgando. Yunusu akainuka akaenda kusimama nje.

Kilipoiva akaniletea mimi kwanza, nimwambie kama ndicho chenyewe.

Hapo nikakumbuka kitu. Sijawahi kula samaki. Mchaga wa umri wangu hali samaki! Baba yangu alimwita nyoka wa majini, na kikapu cha samaki hakikupita katika kihamba chetu, shamba letu la ndizi, hata kwa kukatisha njia. Sasa Bi Mwantum amesimama mbele yangu, mikono kiunoni, ananitazama. Nikafumba macho nikameza. Nikasema ndicho chenyewe hasa, nasikia na honi ya meli.

Wazee wa kahawa wakaja. Wengi! Nikawapungia mkono kwa furaha. Wa kwanza akafika mlangoni, pua ikapanda, akasimama. Akauliza kwa Kichaga kama kuna mnyama amekufia ndani. Nikamjibu ni samaki. Akawageukia wenzake akawaambia. Wakavuka barabara wote pamoja, kama ng'ombe waliosikia simba.

Sufuria nzima ilibaki. Yunusu alikula sahani mbili, kwa huruma, alisema, siyo kwa utamu. Paka hakula.

Jumamosi, 11 Agosti

Mvua nyembamba, ile isiyolowesha wala kuacha. Bi Mwantum amepika chungu kidogo. Nimeona. Mtu akianza kupika chungu kidogo, moyo wake umeshafunga safari.

Nikamuuliza kuhusu Tanga. Akasema dada yake ana nyumba karibu na maji, na watu wanaokula pale ni wa kila namna: mabaharia, Wahindi, Washihiri, makuli wa mkonge. Akasema amechoka na baridi ya huku. Nikasema baridi inaisha mwezi ujao. Akasema kila mwaka namwambia hivyo.

Ruth amenikemea leo. Ati mbona chakula chake kinarudi kimefunikwa vile vile. Nikasema tumbo. Akasema kama namtaka yule mama niseme, asisikie kwa watu. Nikakasirika sana! Mtu wa umri wangu! Nikamwambia ninachotaka ni kuambiwa nimechelewa, basi. Hakuelewa. Nikaenda kulala mapema nikimlaumu Primus.

Jumanne, 14 Agosti

Nimepata! Nashangaa sikuliwaza mapema.

Kwetu mtu akikukaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi, anaonja yeye kwanza mbele ya macho yako, ndipo anakupa kibuyu. Ukimwona amemeza, na wewe unakunywa kwa moyo mweupe. Asiyeonja, pombe yake hainywi mtu. Sasa nikajiuliza, mbona hotelini hakuna adabu hii? Watu wanawekewa sahani tu, kama ng'ombe. Hata Primus, mtoto wa mlimani, haonji! Basi hoteli ya Bi Mwantum itakuwa ya kwanza kwa heshima katika Moshi yote.

Bi Mwantum alikwenda kumtazama jirani mgonjwa, akaniachia nimchungie moto na niwapakulie wateja. Nikachukua kijiko changu, nikakifuta kwa koti, nikasimama mlangoni.

Wa kwanza alikuwa Msomali mfanyabiashara wa ng'ombe. Nikampakulia pilau, akanawa, akasema bismillahi. Kabla hajagusa, kijiko changu kikapita chini ya mkono wake. Nikatafuna, nikameza, nikamfungulia mdomo aone. Akanitazama juu hadi chini. Akanisukumia sahani yote, akasema kwa upole kwamba kama nina njaa ningesema. Akatoka.

Wa pili Kalasinga, fundi wa reli. Chai tu. Nikanywa funda moja, nikampa. Huyo hakusema kwa upole.

Kisha, kwa bahati, wazee wanne wa Masama, wale wale waliokimbia samaki. Nikasema moyoni, hawa ni wa kwetu, hawa wataelewa. Nikaonja sahani ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, taratibu, kwa heshima zote.

Walielewa. Wakaacha mikono hewani. Mkubwa wao akainama akaniuliza kwa sauti ya kanisani: mwenye hoteli yuko wapi? Nikasema ametoka. Akauliza kwa nini mwenyewe haonji, anaonja mwingine? Hapo nikakumbuka kile nilichosahau. Kwetu anayeonja ni mwenye pombe. Akiwekwa mtu mwingine aonje, ujue kuna kesi ya sumu, ujue wazee wameshakaa.

Mzee akauliza, nani alikufa?

Nikajibu, hakuna. Bado.

Nilitaka kusema hakuna kabisa. Ulimi ukateleza kwa haraka. Wakaondoka bila kugeuza migongo yao kwangu.

Jumatano, 15 Agosti

Lori ni kitu kibaya. Linapanda na habari kuliko mizigo. Leo asubuhi Masama wanajua, Machame wanajua, wapagazi wa wapanda mlima wanajua: hoteli ya yule mama nyuma ya soko imewekewa mwonjaji.

Hata Yunusu, aliyekula panya baharini kwa kukiri kwake mwenyewe, leo amekunywa chai amesimama.

Bi Mwantum alisikia sokoni. Nilimngoja na maelezo mazuri sana, nimeyapanga tangu alfajiri. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinyoosha mkono, akachukua kijiko changu, akakiosha, akakikausha kwa kanga, akanirudishia kwenye mfuko wa koti. Kisha akakaa kwenye benchi la wateja. Sijapata kumwona amekaa pale.

Nikamwambia kosa ni la watu wa Kilema. Akasema ndiyo, mzee.

Jumamosi, 18 Agosti

Amefunga.

Sufuria zimefungwa kamba. Birika limepoa. Sikujua kwamba chumba kile kina baridi hivyo, lilikuwa ni lile birika siku zote. Mabenchi na vyombo vikubwa amevinunua Primus. Vijana wa Primus wakabeba kila kitu, na kigoda changu juu yake! Nikapiga kelele ni changu. Walikuwa wamekwishavuka. Nikashindwa kuvuka nyuma yao. Mzee hawezi kukimbilia kigoda mbele ya watu.

Ruth amepika ndizi leo, amekaa akanitazama nikila. Nadhani mumewe alimwambia habari za hoteli. Nikala zote.

Jumatatu, 20 Agosti

Treni ya Tanga.

Nilifika stesheni jua halijapata nguvu, milango bado imefungwa. Nikamngoja ukutani na mkungu wa ndizi wa wiki hii, maana sikujua nimpe nani mwingine. Akaja na Yunusu, Yunusu amebeba sufuria kichwani, anahema kama injini. Bi Mwantum akaniona.

"Mzee Ebenezeri," akasema, "umechelewa."

Nikatazama mlima. Haukuwapo, ukungu tu, lakini nikautazama kwa muda mrefu.

Akaniambia nije Tanga siku moja. Atanipikia samaki mbichi, tule tukitazama maji. Akasema, njoo uione bahari, mzee, maana najua hujaiona. Nikamuuliza nani kamwambia, Yunusu? Yunusu akaapa si yeye. Bi Mwantum akasema mtu aliyezoea samaki wa Mombasa hafumbi macho anapomeza. Akasema alijua siku ile ile. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema nilikuwa nimekula hadi mwisho, na hakutaka kuniharibia.

Nikasema Voi ni karibu sana na Mombasa. Akasema ni kweli.

Treni ikaondoka na mkungu wangu. Alikuwa ameuweka dirishani, na ndizi ndizo zilizoonekana mwisho, baada ya uso. Yunusu akapiga chafya mara nyingi. Alisema ni moshi.

Alhamisi, 23 Agosti

Maisha lazima yaendelee, na tumbo nalo. Leo nimekwenda kwa Primus.

Amenipa kiti chenye mgongo. Sijui nifanye nini na mgongo wa kiti. Ukiegemea unasinzia, usipoegemea unaonekana mgonjwa. Mtori ulikuja. Nilikula nikiutazama ukuta. Nilifika saa saba, ningeweza kufika saa tisa. Hakuna aliyesema kitu. Shikamoo zilikuwa nyingi, hilo sikatai.

Mezani kwangu walikaa vijana wawili wa kahawa kutoka Masama, hawanijui. Wakazungumza habari za pwani. Nikawaambia mimi nimekula katika hoteli zote za Tanga. Zote! Za mabaharia, za Washihiri, na hasa moja iliyo karibu na maji, ya mama mmoja, ambako nina kigoda changu mwenyewe. Walinisikiliza vizuri sana. Mmoja akauliza bahari ikoje. Nikamwambia ni kama ukungu wa asubuhi ukitazamwa kutoka juu Masama, ila una chumvi. Akaridhika.

Na nimeona kasoro hapa. Primus naye haonji! Sahani zinatoka tu. Nimemwita nikamweleza desturi, nikamwonyesha na kijiko, ninacho mfukoni, kisafi. Safari hii naona kosa lilikuwa moja tu: nilisimama mlangoni. Mwonjaji akae mezani, kimya, wateja wasijue mpaka ameshaonja. Primus amecheka akasema atafikiri. Akifikiri atakubali. Nitaanza Jumamosi, hata kama hajamaliza kufikiri.

Ila kuna jambo moja. Nilimbarikia hoteli yake yeye, na ng'ombe na watoto nikaweka, akasema ana deni langu. Kesho nitamdai. Sitaki kikubwa. Kigoda changu kiko jikoni kwake, wanakikalia wamenya ndizi. Akitoe, akifute, akiweke pale mlangoni, upande wa kushoto, kitazame ng'ambo ya barabara. Hilo tu, Primus.